Safu ya Karibu na Choo

Wendell Pacheco alinikataza kusema. Alinikataza mbele za watu, mdomo wake umejaa supu ya mkia wa ng'ombe, tena bakuli lenyewe ni mimi niliyemsogezea. Basi nasema.

Pale Farasi Mwekundu, kasino ya mji wa zamani ambayo sisi watu wa Hawaii tuliohamia Las Vegas tumeizoea kama sebule zetu, kulikuwa na safu ya mashine tano za karata. Zilikuwa mwisho kabisa, zimeegemea ukuta karibu na mlango wa choo cha wanawake. Zulia la pale lilikuwa limelika hadi nyuzi zinaonekana, na kila mlango ulipofunguliwa ilikuja harufu ya sabuni kali ya maua. Wageni hawakupapenda. Sisi tulipapenda mno.

Sababu ilikuwa kwenye kioo. Kila mashine ya karata ina maandishi kwenye kioo chake, yanasema ukipata karata hizi utalipwa kiasi gani. Watu wengi hawayasomi, wanatazama taa. Kwenye mashine zetu, ukipata karata tatu za namna moja na mbili za namna nyingine, ulilipwa tisa kwa kila sarafu. Ukipata zote tano za kopa, au zote tano za shupaza, ulilipwa sita. Mashine zilizokuwa mlangoni mwa kasino zilifanana na zetu kama pacha, rangi ileile, muziki uleule, ila zenyewe zililipa nane na tano. Ni hilo tu. Utasema, sasa hiyo ni tofauti gani? Kaa hapo mwaka mzima uone. Kwenye tisa na sita, ukicheza bila kosa, siku zile kasino inapozidisha pointi za zawadi kwenye kadi yako ya uanachama, nyumba, yaani kasino yenyewe, ndiyo inayokulipa wewe, polepole, kama bomba linalovuja. Kwenye nane na tano bomba linavujia upande wa pili.

Tulikuwa wanne. Aliyeigundua safu ile ni Elpidio Racela, mzee wa Kifilipino aliyekuwa mpishi wa hoteli Waikiki, mtu wa utani ambaye hata kwenye msiba lazima aseme neno. Mimi shule niliachia darasa la sita, nikaingia kiwandani Iwilei kupanga vipande vya nanasi kwenye makopo. Elpidio alikuja jikoni kwangu na karata za kawaida, akazimwaga juu ya kitambaa cha meza, akanifundisha. Nilipokosea alinigonga kidole kwa kijiko cha mbao. "Chiyo, una jozi ya tatu na una ree. Ree inafanya nini mkononi mwako, inauza sura? Itupe!" Hivyo hivyo hadi nikaelewa, na malipo yake yalikuwa mochi zangu za siagi, zile keki laini za unga wa mchele, ambazo nadhani ndizo zilizomleta. Baadaye akawafundisha Wendell na mke wake Bernice, nao kwa kijiko kilekile.

Wendell alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Honolulu mpaka mgongo ukakataa. Pensheni yake ni nyembamba na safu ile ilimsaidia, hilo simnyimi. Tena ndiye aliyekuwa na gari. Mimi sikuwahi kujifunza kuendesha. Kliniki, sokoni, kanisani, kasino, kote ni Wendell. Julai ya Las Vegas, mtu asiye na gari ni samaki juu ya bati.

Mashine tano, watu wanne. Kiti cha tano kilikaliwa na koti la Wendell, la bluu, lenye nembo ya uwanja wa ndege. Mgeni akija akiuliza kama pana mtu, Wendell anajibu, "Yupo, kaenda chooni." Mgeni akisisitiza kukaa, basi wote tunaanza kuilaani mashine. Bernice anapiga kioo kwa kiganja. Wendell anatikisa kichwa kama mfiwa: "Hii ni mwizi, kaka. Nenda kule mlangoni, kule zinatapika." Na mgeni anashukuru, anaenda mlangoni. Ni desturi ya wacheza karata wote wa mji huu wanaojua wanachofanya. Kila kikundi kina kona yake, na kila kona ina koti lake.

Mwaka mmoja nilitolewa mtoto wa jicho. Daktari akasema nikae ndani, nisiiname, nisitazame taa kali. Nilikaa muda mrefu nikisikiliza redio. Siku Bernice alipokuja kunichukua, ulimwengu ulikuwa mpya, hata vumbi kwenye dashibodi ya gari nililiona chembe kwa chembe. Tukaingia Farasi Mwekundu, na mtu wa kwanza niliyemwona, pale mlangoni, ameinamia mashine ya nane na tano, ni Ululani Kaaihue.

Ululani nilimpokea mimi kiwandani Iwilei, akiwa binti mdogo asiyejua kuvaa glavu. Nanasi linakula ngozi. Nilimpaka mafuta vidole siku ya kwanza. Sasa ni mjane, kodi ya Honolulu ilimshinda, akahamia huku. Ni mimi niliyemwambia kwenye simu, njoo Farasi Mwekundu, utatukuta. Alikuja nikiwa nimefungwa jicho.

"Anti Chiyo! Umepona! Njoo ukae, hizi ndizo zenyewe."

"Nani kakwambia ndizo zenyewe?"

"Anko Wendell. Mungu ambariki yule mzee. Siku ya kwanza tu nimefika, akanishika mkono mpaka hapa. Akasema Ululani, kaa hapa, usihame."

"Na zinakupa?"

"Leo zimenuna." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Na jana zilinuna. Zinanuna tangu nifike, nikisema kweli. Anko anasema ni subira."

Kisha akainama, akafungua begi lake la chakula, akatoa laulau, nyama ya mvuke iliyofungwa vizuri kwa majani, bado za moto. Alikuwa ameamka alfajiri kuzipika. "Hizi ni za Anko. Kila wiki namletea. Mtu akikuonyesha wema, utakaa kimya tu?"

Tukaenda wote hadi kwenye safu yetu. Wendell akapokea laulau kwa mikono miwili. "Ah, Ululani, mwanangu, unajisumbua." Ululani akatazama kiti chenye koti. "Anko, hapa pana mtu?"

"Yupo," alisema Wendell. "Kaenda chooni."

Elpidio alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua. Ululani akarudi mlangoni. Wendell akafungua jani, mvuke ukapanda, akaanza kula kwa vidole, mkono mwingine unabonyeza vitufe. Siku hiyo sikucheza. Nilikaa nikimtazama anavyotafuna.

Ndipo tukafika kwenye meza ya supu, katika mgahawa wa mle mle kasino. Nikamsogezea bakuli lake, nikamwekea tangawizi anavyopenda, nikasema, "Leo namwambia Ululani. Na Jumamosi nawaambia wote." Maana Jumamosi ni mlo wa chama chetu cha watu wa visiwani, katika ukumbi wa kanisa, na Bi Kealamakia, mwenyekiti, alikuwa ameniomba niwafundishe wazee karata baada ya chakula.

"Uwaambie nini?"

"Tisa na sita. Nane na tano. Na mahali zilipo."

Ndipo aliponikataza, na supu yake mdomoni. "Chiyo, nakukataza. Unasikia? Nakukataza! Ukilisema jambo hili kwenye ukumbi ule, wiki inayofuata pale pana watu arobaini. Ofisi itaona. Watakuja na bisibisi, watabadilisha vioo, kwisha. Wewe utakosa, mimi nitakosa, na Ululani wako atakosa. Utakuwa umemsaidia nani?"

"Atakuwa amejua kwamba alidanganywa."

"Nani kamdanganya? Sikumlazimisha kukaa. Kioo si kipo? Asome!"

"Ulimshika mkono ukampeleka, Wendell."

Bernice akasema taratibu, "Chiyo, watu huwa hawasemi mambo haya. Hata wale wa kona ya baa, wana yao, na hawasemi. Ndivyo ilivyo."

"Wewe nani alikwambia?" nikamuuliza. "Uliiota? Elpidio alikuja kwako na kijiko chake. Elpidio, uliwatoza kiasi gani?"

Elpidio akafikiri. "Bernice alinipa embe za kukausha. Wendell hakunipa kitu. Bado nasubiri."

"Sisi tulikuwa watatu, wanne!" Wendell akagonga meza. "Siyo kanisa zima! Sikiliza, mama. Bomba hili linavuja kwa sababu hawajui. Wale wa mlangoni wakipoteza, nyumba inashiba, haiangalii sisi tunaodokoa. Wakijua wote, hakuna wa kudokoa. Ndiyo hesabu yenyewe, hata kama hukwenda shule."

"Kwa hiyo laulau uliyokula unajua imetoka wapi."

Alisukuma bakuli pembeni. Kisha akasema, "Ukisema, huna kiti kwenye safu, huna kiti kwenye meza hii, na huna kiti kwenye gari langu."

Nikanyanyuka. Supu yangu sikuigusa, na si kawaida yangu kuacha chakula. Nikaenda moja kwa moja mlangoni. Nikamwambia Ululani, "Inua kichwa. Soma hapa, kwenye kioo. Tano za kopa inalipa ngapi?" Akasema tano. Nikamchukua hadi safu ya choo. "Na hapa?" Akasoma. Midomo yake ikasoma tena bila sauti. Nikamweleza yote, na nilimweleza habari za koti.

Nilidhani atalia. Ululani halii. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa. Akaliokota koti la Wendell kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya, akalikunja vizuri, akaketi. Wendell alipokuja kutoka kula alimkuta pale.

"Anko," Ululani akamwambia, bila kuondoa macho kwenye karata, "mtu wako amerudi kutoka chooni. Shika."

"Ululani, mwanangu, ngoja nikueleze—"

"Usiniite mwanangu. Mwanao ungemweka mlangoni? Zile laulau nazihesabu ni ada ya shule. Sasa nimehitimu, niache nicheze."

Kurudi nyumbani nilipanda basi. Nikanunua mwavuli mweusi dukani kwa ajili ya jua, nikakaa kituoni kwenye benchi la chuma ambalo huwezi kuliegemea bila kuungua. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Palikuwa na wali uliofungwa na nyama ya kopo, makaroni ya mayonezi, kuku wa mchuzi wa soya, na poi, ule uji mzito wa magimbi, iliyoletwa kwa ndege, ambayo watu waliigombea kama watoto. Bi Kealamakia akanipa kipaza sauti nikakikataa. Miaka ya kiwandani ilinifundisha kuongea juu ya kelele. Niliandika kwenye boksi la katoni, kwa wino mnene: 9 na 6. Chini yake: 8 na 5. Nikaeleza. Nikataja Farasi Mwekundu, nikataja choo cha wanawake.

Wendell alikuwa ameketi pembeni, mikono imekunjwa kifuani. Akasimama. "Jamani, mnamshangilia, lakini jueni, huyu anaua ng'ombe mnayemkamua. Mwezi mmoja tu, mtakuja kuniambia."

"Nani alikuwa anamkamua, Wendell?" sauti ya mwanamume ikatoka nyuma. "Mimi sijaona hata tone! Wewe ulinipeleka mlangoni Krismasi!"

"Na mimi!" akasema mwanamke mwingine. "Aliniambia zinatapika!"

Ukumbi mzima ukaanza kuulizana nani alipelekwa mlangoni. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Kicheko kikaja, cha hasira, na Wendell akatoka. Bernice alibaki kidogo akikusanya vyombo vyake. Aliponipita hakunitazama, lakini aliniachia bakuli la makaroni.

Basi wakaja. Wallahi walikuja. Wazee kwa wazee, wengine na fimbo, wengine na mashine za oksijeni za kuvuta kwa magurudumu, wanapokezana viti vitano, wanagombana nani alikuwa wa kwanza. Na walicheza vibaya! Ungelia. Wameshajua tisa na sita, wakadhani ndiyo yote. Mmoja anashika ree na jozi yake ya nne. Mwingine anavunja jozi ya jeki ili afukuze kopa ya tano. Mimi na Elpidio tunatembea nyuma ya viti kama wasimamizi wa mtihani.

"Mzee, una jozi ya jeki hapo. Jozi inakulipa. Ya nini kufukuza kopa?"

"Naisikia kopa inakuja, Anti."

"Huisikii. Hiyo ni harufu ya choo."

Siku moja Rosalva, fundi wa mashine, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja kutoa noti iliyokwama. Rosalva haongei na wachezaji. Siku hiyo, labda kwa sababu nilimpa mochi, aliongea. Wendell alikuwa kwenye kiti cha jirani, maana hakuwahi kuacha kuja. Alikuwa ananipa mgongo.

"Nyie wazee mna bahati," Rosalva akasema, kichwa chake ndani ya mashine. "Hivi vioo nilikuwa nimeshaagizwa nivishushe."

"Lini?" nikauliza.

"Kabla umati huu haujaja. Mashine tano, watu wanne, na hao wanne hawakosei hata siku moja. Kiti cha tano kimefunikwa koti, mgeni hakai. Ofisini wanaona kila kitu, mama. Safu ilikuwa hasara tupu, haina mtu wa kuilisha. Sasa wamekuja hawa, wanacheza kama watu wa kawaida, hesabu imekaa sawa. Meneja kasema ziachwe." Akafunga mlango wa mashine, akaondoka na funguo zake.

Nilimtazama Wendell. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. Koti lile la bluu, na mashine-ni-mwizi, na nenda-mlangoni-kaka, miaka yote alikuwa anajilinda, kumbe anajinyonga. Angewaacha wageni wakae, wakosee, safu ingeishi. Elpidio ndiye aliyesema. "Wendell, hilo koti ungelivaa tu."

Siku ile ile nikiwa kituoni, gari lake likasimama mbele yangu. Dirisha likashuka, baridi ya ndani ikanigusa uso. "Panda, Chiyo. Jua litakuua."

Nilipanda. Nina umri wa kupanda.

Tulipita taa mbili za barabarani. Kisha akasema, "Ulikuwa sahihi. Haya, nimesema. Wangeziondoa. Umeziokoa wewe."

"Asante."

"Sasa sikiliza. Waache waje. Waje wote, wajaze viti. Mimi mwenyewe nitawakaribisha, nitawaletea kahawa. Ila acha kuwafundisha." Alikuwa anaongea upesi, kwa furaha, kama mtu aliyepata dawa. "Si umesikia? Zinabaki kwa sababu wanakosea. Umeshawaambia tisa na sita, umetimiza wajibu wako. Akitaka kushika ree yake, mwache ashike. Nani kakutuma umgonge kidole? Wao wanafurahi, ofisi inafurahi, mimi na wewe na Bernice tunakaa kwa raha mpaka tufe. Na gari liko mlangoni pako kila asubuhi."

Nisiwadanganye, lilinigusa. Baridi ya gari lile ilikuwa tamu mgongoni. Nilifikiria benchi la chuma. Nilifikiria kliniki ya macho ambayo kwa basi inanilazimu kubadilisha mara mbili. Na hesabu yake ilikuwa sahihi, hilo ndilo baya. Wendell si mjinga. Wakijifunza, safu inakufa. Wasipojifunza, safu inaishi, na sisi ndani yake.

"Na Ululani?" nikauliza.

"Ululani ameshajifunza, huyo ni wetu. Mpe kiti."

"Na mwenye oksijeni? Na Bi Kealamakia, anayefukuza kopa?"

"Chiyo, wao ndio wanaotulipia viti."

"Ndiyo maana walikuwa mlangoni. Sasa unataka kuuhamishia mlango karibu na choo."

"Mimi nataka tuishi!"

"Nishushe."

"Joto hili? Usiwe mtoto."

"Nishushe, Wendell. Hapa hapa."

Alisimama mbele ya duka la matairi. Nikafungua mwavuli wangu, nikashuka, na mlango sikuubamiza. Niliufunga polepole ili aone kwamba sina hasira, nina uamuzi.

Jumamosi iliyofuata sikupeleka katoni tu. Nilipeleka karata, na Elpidio akaleta kijiko cha mbao. Tuliwakalisha watatu watatu. Kabla ya yote niliwaambia kila kitu alichosema Rosalva, na kila kitu alichosema Wendell. Nikasema, "Mkijifunza vizuri, watazitoa. Msipojifunza, zitakaa, na mtazilisha ninyi. Chagueni mkijua." Kitu kinachoishi kwa sababu tu jirani yangu haelewi, na kife. Nilisema hivyo kwa sauti, na ningelisema mbele ya meneja.

Bi Kealamakia akakung'uta mikono. "Anti, nimedanganywa na mashine miaka yote hii. Mimi nataka kujua. Nipige kijiko."

Walijifunza. Siyo wote, mwenye oksijeni alisema yeye anaisikia kopa na atakufa akiisikia. Lakini wengi walijifunza, na Ululani aliwapita wote kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira ni mwalimu asiyechoka. Ukipita nyuma ya viti vile vitano ulisikia vitufe tu, tak tak, watu wanashika kinachopaswa na kutupa kinachopaswa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama mstari wetu wa kiwandani siku ambayo hakuna kopo linaloanguka.

Haikudumu. Asubuhi moja tulifika tukakuta vioo vipya vinang'aa. Nane na tano, mashine zote.

Nisifiche, wengine walinilaumu. Mzee mmoja aliniambia, "Si Wendell alikuambia, Anti? Ungenyamaza." Nikamjibu, "Ningenyamaza, wewe ungekuwa mlangoni unasubiri zitapike." Akafikiri, akaondoka akinung'unika. Bernice alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, na hayo niliyasikitikia.

Lakini sikilizeni kilichotokea. Hakuna mtu wetu aliyeketi. Tulisimama kundi zima mbele ya safu ile, na viti vitano vikabaki vitupu, na mashine zinaimba peke yake. Ndipo likaingia kundi la wageni waliotoka Honolulu kwa ndege, wana mashada ya maua shingoni, wanatafuta pa kukaa. Mmoja akashika kiti. Ululani akamwambia, "Karibu, mama. Kabla hujakaa, inua kichwa usome. Tano za kopa wanakupa ngapi? Tano. Jana walitoa sita." Akawasomea kioo chote, mstari kwa mstari, kwa ile sauti ya kiwandani niliyomfundisha. Wageni wakamsikiliza, wakatazamana, wakaondoka.

Mlinzi akaja. "Mama, cheza au ondoka."

"Nasoma," Ululani akasema. "Mmeandika kwa herufi kubwa, mnataka nani asome?"

Mlinzi alitazama kioo, akatutazama sisi na fimbo zetu, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa hakuja upesi. Tulisoma hadi tukachoka, kisha tukaenda kunywa supu.

Sasa mimi na Elpidio tulianza kuzunguka. Kwa basi, na mwavuli, kasino hadi kasino, tunasoma vioo. Watu walidhani tunatalii. Na tukapata. Mahali pengine, zulia zuri zaidi, mbali na choo.

Sijui Wendell alisikiaje. Alikuja kwenye meza ya supu, akavuta kiti bila kuuliza. Alikuwa amekonda. Aliagiza bakuli lake mwenyewe, akalikoroga muda mrefu.

"Chiyo," akasema chini kwa chini, "nasikia kuna nyingine."

"Ipo."

"Tisa na sita?"

"Bora zaidi."

Akatazama kushoto na kulia, akainama hadi nikahisi mvuke wa supu yake. "Wapi?"

"Jumamosi," nikamwambia. "Ukumbini, baada ya chakula. Utasikia pamoja na wengine."

"Chiyo! Kwa ajili ya urafiki wetu. Niambie mimi kwanza, siku moja tu kabla yao."

"Hata saa moja sikupi. Na uje na sahani ya kuchangia, usije mikono mitupu."

Elpidio akasema, "Na embe zangu."

Jumamosi alikuja. Alikaa safu ya mwisho pamoja na Bernice, bakuli la saladi ya viazi magotini. Pale nyuma, karibu na feni, nilimwona pia kijana mmoja nisiyemjua, amevaa shati la kola. Labda ni mkwe wa mtu, labda ametumwa na ofisi ya kasino. Elpidio naye alimwona, akanikonyeza, yaani ningoje kidogo.

Sikungoja. Niliinua katoni yangu juu ili hata wa nyuma waone, nikataja jina la kasino, na mtaa, na mlango wa kuingilia.